Unapokea Kadi?

Zamu yangu: B mia na kumi na nne.
Mara ya nne mwezi huu ninakaa kwenye kiti hiki cha plastiki,
Gdansk, mwezi wa pili, theluji inayeyuka viatuni
na kuacha kidimbwi chini yangu
kama mtoto aliyejikojolea darasani.

Mapajani nina bahasha. Ndani yake
pasipoti, kibali cha kuishi, cheti cha kampuni
(Mkate wa Ketevani: mmiliki mmoja, tanuri moja),
barua ya kodi, barua ya kuthibitisha barua ya kodi,
na tafsiri yenye muhuri
ulionigharimu kuliko gunia la unga.

Bi Halina ana kucha za zambarau na sauti ya upole.
Upole wake ndio unaoniua.
"Tunahitaji mkataba wa pango," anasema, "kwa jina la kampuni."
Mwenye jengo hasaini, nasema, mpaka aone akaunti.
"Basi atuandikie barua."
Mwenye jengo naye: "Basi benki iniandikie barua."
Nazunguka baina yao kama ngamia wa kinu cha ufuta,
ila mafuta siyaoni.

Kompyuta inataka nchi. Anachagua Jojia,
nayo inauliza: jimbo la Marekani?
Tunacheka sote wawili.
Kisha anaacha kucheka, maana haina jibu jingine.

Halafu jina.
Pasipoti inasema Kvirikashvili,
kibali kinasema Kwirikaszwili.
"Herufi hazilingani."
Nimelibeba jina hilo miaka arobaini na mitatu
bila kulidondosha hata siku moja.
Mpakani mtu mmoja alilishika na glavu zake,
likachubuka.

Chanzo cha fedha?
Niliandika: mkate.
"Eleza zaidi."
Nieleze nini? Kwamba saa tisa usiku
nainama tanurini mpaka begani,
nabandika kinyunya ukutani kwa kiganja,
na mkono wangu wa kulia hauoti tena malaika?
Kwamba shoti moja ni zloti tano,
na wanafunzi huuma ncha kabla hawajafika mlangoni?
Nikaandika: mkate uliouzwa kwa watu wenye njaa.
Kisanduku hakipokei zaidi ya herufi thelathini.
Bi Halina akasoma, akainua macho:
"Watu wenye nini?"

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi jembe nilikuja nalo.
Nimelima, nimepalilia, nimevuna kwenye baridi hii.
Ninachoomba ni ghala.

Ijumaa jibu likaingia kwenye simu
mikono yangu ikiwa na unga, nikalifungua kwa pua.
Tunasikitika. Kwa mujibu wa sera ya ndani.
Hatulazimiki kutoa sababu.
Chini yake, picha ya mwanamke anayetabasamu kwenye duka la maua:
Tunakua pamoja nawe.

Chini ya sinki kuna kopo la biskuti.
Benki yangu hiyo. Hainiulizi herufi.
Lakini msambazaji wa unga hataki tena noti,
anataka hawala, anataka namba tarakimu ishirini na sita,
na kopo halina namba, lina picha ya farasi tu.

Jumamosi foleni ilifika hadi kituo cha tramu.
Kofia ya sufu, mtoto mkononi. Sikumtambua
mpaka nilipoona kucha.
"Miwili," alisema, kwa upole uleule.
Nikaifunga kwenye karatasi, mvuke ukatupanda sote usoni.

"Unapokea kadi?"

Nilikuwa na maneno. Miezi mitatu nilikuwa nayo,
nimeyapanga, nimeyatafsiri, karibu niyapige muhuri.
"Bado," nikasema.

Akawa mwekundu mpaka masikioni.
Akapekua mifuko, akapekua mifuko ya mtoto,
akahesabu sarafu juu ya meza yangu, moja moja,
zikapungua senti hamsini.
Akahesabu tena.

Ningeweza kumwambia hazilingani.
Mtoto alikwisha uma ncha.