Tabaka za Rangi

Nimepewa msasa, ngazi na siku tatu.
"Futa yote," kasema Murtaza. "Nataka alama mpya,
ya kisasa, herufi mbili tu, basi."
Nami nimepanda juu ya lango la bustani ya michezo,
Mtangani, Malindi, jua halijakaza,
uso kwa uso na puto
alilolichora baba kabla sijazaliwa.

Tabaka la kwanza, samawati ya kampuni ya simu.
Hii naikumbuka. Walitoa rangi, walitoa na soda,
puto likawa tangazo miaka minne
na watoto wakaliita balbu.

Chini yake, kijani.
Mwaka ule wa kura kila chama kilidai puto ni lake.
Bwana Taibali akatafuta rangi isiyo ya mtu,
akahangaika nayo wiki nzima,
mwisho akachukua ya mlango wa zahanati
iliyobaki nusu debe.

Chini ya kijani, chokaa. Chokaa tupu, imekwenda mbali.
Wakati wa chokaa wengine walisema ni fenesi,
wengine kitunguu,
na mgeni mmoja aliapa
ni lile kaburi la mnara, limenenepa.
Baba alicheka na wenzake.
Nyumbani hakucheka.

Nasugua. Vumbi lanikaa kwenye nyusi.
Na herufi zaanza kutoka, mojamoja, kama vipele:

SEMENI MLIO CHINI
NINAPITA ZANGU JUU

Kumbe mama hakuongeza chumvi.

Alisema: Taibali alikuwa na farasi sita wa mbao,
bembea moja, na deni.
Picha ya puto aliiona kwenye kifuniko cha mkebe wa biskuti
akataka lake lipae Idi mosi.
Bi Zuwena akashona leso, doti ishirini na moja,
akazipaka uji wa muhogo zisivuje pumzi.
Moto ukawa wa makumbi na vifuu.
Kikapu kikawa pakacha.
Abiria hakupatikana.
Taibali mwenyewe alishikwa na tumbo asubuhi ile,
kwa hiyo akapakiwa koo wa mama, yule wa madoadoa,
bila mama kuulizwa.

Likapanda.
Likapita minazi, likapita mnazi juu ya mnazi,
na mji mzima, shingo nyuma, ukasoma leso kwa chini.
Bi Nuru wa nyumba ya pili akafunga buibui kwa hasira:
"Hilo nimetupiwa mimi!"
Akaenda zake, na Idi ikaendelea bila yeye.

Lilianguka upande wa Ngala, kwenye mahindi ya watu.
Mahindi yalilipwa. Leso ziliibwa, zikavaliwa,
kwa miaka mama alikuwa akiliona puto sokoni,
kipande hapa kiunoni, kipande pale mgongoni na mtoto.
Kuku alirudi siku ya tatu, kwa miguu, hana neno,
akaenda moja kwa moja kwenye maji.

Wiki hiyohiyo baba alipanda ngazi,
pengine hii hii, maana ina kipago kilichofungwa waya,
akachora alichokiona: leso, pakacha, kuku.
Hakuwa na kielelezo kingine duniani.

Kisha wakaja wageni wa mkopo.
"Biashara ya watu wazima haibebi kuku."
Baba akalipwa shilingi themanini kwa chokaa.
Na mama, kila akipita langoni, kikapu kichwani,
aliuliza bila kuinua macho:
"Wangu yuko wapi?"

Nasugua taratibu sasa, kwa ncha ya kidole na kitambaa.
Pakacha latokea, kila ukuti umesukwa.
Halafu mdomo wa manjano.
Halafu jicho: nukta moja nyeusi
ya mtu aliyeishi na kuku.

"Umefika wapi?" Murtaza, chini, mkono kwenye paji.

Herufi zake mbili zi mfukoni, zimekunjwa mara nne.
Siku imebaki moja na nusu.
"Lete ngazi nyingine," namwambia,
"upande uone mwenyewe."