Cha Nne

Bwire, umeniuliza usome nini
huko Ukara, jioni zikiwa ndefu.
Nakuandikia nyuma ya stakabadhi ya mizani,
usishangae ukigeuza ukakuta
dagaa kilo mia mbili na kumi.

Anza na Mwaka wa Mabati.
Kitabu chembamba, kurasa tisini:
baba anaezeka nyumba bati moja kila mwezi
na mvua haina habari naye.
Kukimaliza ni usiku mmoja.
Kulala baada yake ndiyo kazi.
Mimi nilikimalizia hapa Mwaloni, juu ya gunia,
watu wakaniuliza kulikoni,
nikasingizia vumbi la dagaa.

Malkia wa Mawimbi achana nacho.
Watakusifia, jalada lake linang'aa,
lakini ukurasa wa kumi na mbili
shujaa anachota maji ya ziwa letu, anaonja,
anayakuta ya chumvi.
Chumvi, Bwire!
Nilikifunga pale pale, nikakiwekea sufuria.

Sasa kaa vizuri.
Kuna Karani Shegela, vitabu sita.
Karani wa mahakama ya mwanzo, mguu mmoja mfupi,
anawajua wauaji kwa miandiko yao,
jinsi mtu anavyoikata herufi ya mwisho ya jina lake.
Cha kwanza hakina jalada.
Cha pili kina doa la chai pale muuaji anapotajwa:
ni dada yangu Milembe, alishtuka.
Cha tatu kinaishia usiku,
Karani yuko mlangoni kwa ndugu yake, anabisha hodi.
Cha tano kinaanza,
ndugu ana kaburi, nyasi zimeshaota,
na Karani anaandika kwa mkono wa kushoto.

Cha nne hakuna.

Tumekitafuta Makoroboi, kwenye vitabu vilivyotandazwa chini
kati ya chaja na soksi.
Tumekitafuta stendi ya Nyegezi.
Maktaba, mhudumu alivuta droo, akatoa kadi,
akatuonyesha: kimeazimwa,
na tarehe ambayo mimi nilikuwa darasa la pili.

Basi kila mtu akawa na cha nne chake.
Nkwimba wa chapati anasema ni madeni,
ndugu alijimaliza.
Mashimba, yule kuli anayesoma kwa kidole,
anasema ulikuwa ugomvi wa kusukumana
na mkono wa kulia ndio uliosukuma.
Tulimkatalia wote. Hakuna aliyemsahau.

Milembe akiwa Bugando
alinipa cha kwake, sura moja kila jioni,
nikimshikia kikombe cha uji.
Kwake ndugu hakufa.
Kaburini walizika mgomba,
yeye amevuka kwenda Goziba,
anavua kwa jina la mtu mwingine,
na kila anapotia sahihi mkono unamsaliti.
Tulifika sura ya tisa.
Ya kumi alisema, kesho.

Jumanne, mtu wa Nansio kashusha boksi la sabuni,
ndani yake madaftari, Biblia isiyo na Mwanzo,
na cha nne.
Kizima. Hata kona hazijakunjwa.
Aliniuzia elfu mbili, akadhani amenipunja.

Kiko hapa chini ya mizani.
Mashimba amepita mara sita leo
akijifanya anatafuta kamba.
Sijakifungua.
Najua ni karatasi tu, mtu alikaa akaiandika
kabla hajajua kama Milembe angezaliwa.
Lakini nikikifungua, kaburi lile
litakuwa na mtu.

Kwa hiyo navifunga vyote sita,
kesho vinapanda meli.
Soma kwa mpangilio, usiruke, usinitumie ujumbe usiku
ukiniuliza nani.
Cha nne kikae kwako.
Ukiona siku moja nimekuja Ukara bila mzigo,
kiweke mezani, utoke nje kidogo.

Vile vitano nirudishie kabla ya Pasaka.
Nkwimba anataka kuanza upya.