Pini Mdomoni

Alisema akiwa amesimama kwenye mkeka wangu,
mikono kainyoosha, nampima bega:
"Fundi, kumbe nanyi mnashona?
Mimi nilijua mikono ya Wagogo ni ya kuomba tu."
Akacheka. Tepu ilikuwa shingoni mwake.
Nikaandika: bega, kumi na tano na nusu.

Alihamia hapa Chang'ombe pamoja na wizara yake,
makabati juu ya lori, maua ndani ya ndoo.
Vumbi la Septemba lilimpokea kama linavyotupokea sote,
puani kwanza.
Mimi nimelea watatu kwa kanyagio la cherehani hii,
sijaomba hata chumvi.
(Chumvi niliomba. Nani hajaomba chumvi?)

Jumatano alikuja kujaribu, nikamwambia: lile neno.
"Neno lipi? Aa, mama Nyemo, si utani?"

Utani.
Utani una ukoo wake, dada.
Mtani wangu ni Mhehe.
Siku tunamzika baba alirukia kaburini,
akalala chali, akasema hazikwi mtu hapa bila jogoo,
tukacheka huku kamasi zinatutoka,
tukamlipa,
na ndiye aliyeshika koleo hadi tuta likakaa sawa.
Huyo aniite atakavyo.
Wewe kwetu umeshika koleo gani?

Sikusema hayo. Nilikuwa na pini mdomoni.

Isitoshe, koleo alilishika.
Mwezi wa tatu, saa nane usiku, mwanangu anakakamaa kwa homa,
nani aliwasha gari akiwa na kanga moja?
Nani alikaa benchi la hospitali mpaka adhana,
kashika unyayo wa mtoto kama anashika yai?
Mkono ule ule. Kinywa kile kile.

Kitambaa nakijua. Nalowesha pembe, nasugua kwa kidole:
kikiachia, ni doa la safari,
kisipoachia, ndivyo kilivyotiwa.
Mtu utamlowesha pembe ipi?

Majirani wamekwisha kuhukumu. Bi Mbeleje anasema mbaguzi, basi,
aliyetema mate hawezi kusema ni mvua.
Mume wangu anasema hajui, msamehe,
asiyejua hana kosa.
Ningekuwa upande wa Bi Mbeleje
kama nisingemkumbuka Perpetua.

Kondoa, bwenini, kidato cha pili.
Perpetua wa Kwa Mtoro, Msandawe peke yake kwenye foleni ya maji.
Dada yake alikuja kumtembelea, wakaongea,
na maneno yao yalidondoka kama kokoto kisimani,
tk, tk, halafu kina.
Sijawahi kusikia kitu kizuri vile, na nilichosema ni:
"Endelea, Perpetua, mbuzi wanakuja."
Foleni nzima ilishika mbavu.

Sikuwachukia Wasandawe. Nilimjua mmoja tu,
na jioni ile ile niliazima sabuni yake, akanipa.
Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilikuwa sijui.
Yote ni kweli, na hayamsaidii,
maana tangu siku ile alisema Kiswahili tu,
hata homa ilipompanda usiku,
hata ndotoni,
aliomba maji kwa Kiswahili.

Kwa hiyo mimi niiteni nani?
Msiniulize mimi. Wala mume wangu.
Jibu lipo Kwa Mtoro, kama bado yupo,
na sijawahi kupanda basi kwenda kulichukua.

Gauni liliisha Ijumaa. Pindo nililishona kwa mkono,
mshono mdogo mdogo, sijui kwa upendo au kwa ukaidi.
Akalipa yote. Chenji akakataa, nikamlazimisha,
nikahesabu noti kiganjani mwake moja moja.
Hakucheka.
Mlangoni aligeuka, ulimi unajikwaa:
"Mbukwenyi."
Ile ya watu wengi, au ile ya heshima,
sikumuuliza amekusudia ipi.
Nilikuwa peke yangu na cherehani.
Nikaitikia kwa niaba ya wote waliokuwemo.