Milango Isiyoelekea Popote

Niliinunua mitatu, mtaa wa Wschodnia,
siku walipoanza kuibomoa ile nyumba ya ghorofa nne
yenye masizi ya viwanda ambavyo havipo tena.
Msimamizi alitaka zloti arobaini kwa kila mmoja.
Nikampa mia kwa yote, na mtungi wa matango ya siki.
Mmoja ulikuwa wa daktari wa meno.
Mmoja wa stoo, umetafunwa na panya upande wa chini.
Wa tatu una namba 14 na kijitundu cha kuchungulia
kilichozoea kuogopa wageni.

Tukapanda nayo ngazi, mimi na Ireneusz, kijana wa jirani,
theluji ya Łódź ikiyeyuka nyeusi viatuni,
lifti mbovu tangu Pasaka.
Zenon akatazama toka kitandani:
“Chumba kimoja, nawe unaongeza milango?”

Ndiyo, baba mkwe. Chumba kimoja.
Tangu uanguke bafuni, tangu mwanao aende Norwei
akawa anatuma pesa asitume neno,
mimi navua nguo gizani kama mwizi,
wewe unageukia ukuta na kukohoa
ili nijue hutazami.

Nikapiga msasa siku tisa.
Rangi ikabanduka tabaka kwa tabaka:
krimu, kijani cha hospitali,
kahawia ya miaka ile ambayo dukani rangi ilikuwa moja,
na chini kabisa, buluu
ambayo hakuna aliyeiulizia tangu kabla ya vita.
Hiyo sikuigusa.
Hata mkate wangu ulinuka tapentaini.

Bawaba alizifunga yeye.
Miaka thelathini na minne alitengeneza mitambo ya kufuma,
na vidole vile vile vinavyomwaga supu
vilipokutana na skrubu vilikumbuka.
“Hii igeukie ndani, hii nje.
Kikunjane kama barua, siyo kama ngumi.”
Kiambaza kikasimama. Kikayumba.
Akasukumiza kadibodi chini ya mlango wa panya.
Kikasimama.

Nikachora mtufaha,
ule wa kile kibustani walichouza
kulipia mazishi ya Leokadia.
Shina kwenye mlango wa meno, matawi huku na huku
juu ya buluu isiyo na mwenyewe,
matofaa hamsini na kitu, mekundu,
moja nikaliweka juu ya kijitundu, likakiziba.
Nikajisifu.

Akautazama mpaka chai yake ikapoa.
“Mti wenye majani hivyo hauzai.
Halafu Leokadia hakuyaacha yafikie wekundu huo.
Aliyachuma mabichi, kwa kuwaonea wivu ndege.”

Nikafuta ishirini. Mengine nikayarudisha ukijani.
Ndege nikamwongeza mmoja, kwa ukaidi.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango.
Yetu sasa ni milango mitupu,
na haifunguki hata mmoja:
unakizunguka kiambaza, hatua mbili kushoto,
pana pengo la kutosha mtu na fimbo yake.

Lakini jana usiku, taa yangu ikiwaka,
alikuja hadi namba 14,
akasimama mbele ya mbao zisizoelekea popote,
akagonga.
Mara tatu, polepole.

Miaka miwili chini ya dari moja
hakuwa amepata mahali pa kugonga.

Nikafunga vifungo vya gauni, vyote, hadi cha shingoni.
Nikaketi vizuri.
“Karibu,” nikasema,
nikamsikia akizunguka,
fimbo, mguu, fimbo,
akaingia kama mgeni wa Jumapili
kuniuliza kama bado tuna sukari.