Futi Tatu Zilizopungua

Mimi ni Thiruvengadam, karani wa hesabu,
mkoa wa Madras, tawi la Karuvelampatti:
maili ishirini na mbili za reli
kutoka njia kuu hadi ghala la pamba.
Sikupigana vita vya mtu yeyote.
Niliviandika.

Reli ilijengwa kwa pesa za watu wasiolijua jua letu,
wajane wa Landani, makasisi, madaktari wastaafu,
walioahidiwa asilimia tatu na nusu kila mwaka,
garimoshi lijae au liende tupu,
mvua inyeshe au mbingu ifunge mlango.
Palipopungua, hazina ilijaza.
Hazina ilipopungua, chumvi ilipanda bei.
Nilimwona Alamelu sokoni, kanunua nusu ya kibaba chake,
akatikisa mfuko, akasema:
"Nusu nyingine imepanda garimoshi."

Mwaka wa kumi na saba ikaja telegramu.
Ng'oeni. Pau, mataruma, hata misumari.
Basra kuna jangwa, na jeshi lina kiu ya njia.

Mayandi, mnyapara wa gangi,
aliyezitandaza pau zile miaka tisa nyuma,
akarudi na nyundo ileile
kwa ujira uleule, ana nne kwa siku,
akaanza mwisho akaja mwanzo
kama mtu anayefumua mkeka wake mwenyewe
ili mgeni apate ukili wa kufungia mizigo.
Kila pau ikaandikwa namba kwa rangi nyeupe.
Mwanawe, Sudalai, akaenda nazo, kibarua wa jeshi.
Namba yake yeye iligongwa kwenye bati, ikavikwa shingoni.

Kisha akaja mtoza kodi na mpiga ngoma:
rupia saba na ana kumi na mbili leo,
rupia kumi baada ya miaka mitano,
ikopesheni serikali, ushindi ni wetu sote!
Mayandi akauliza, "Serikali inakopa kwangu?
Kumbe mimi tajiri. Mbona hamkuniambia mapema?"
Tulicheka wote isipokuwa mtoza kodi,
aliyemshika kidole gumba akakichovya kwenye wino.
Hivyo ndivyo ujira wa kung'oa
ulivyolipia meli ya kubeba kilichong'olewa.

Lakini daftari halikung'olewa.
Kila robo mwaka nalifungua, ukurasa wa tisini na moja,
naandika riba ya reli isiyokuwepo.
Tuta limekuwa njia ya mbuzi; riba ipo.
Darajani wanaanika pilipili; riba ipo.
Husemwa kukopa harusi, kulipa matanga.
Sikuwahi kusikia matanga ya maiti
ambaye bado anazaa.

Barua ilifika moja tu, mwandiko wa kuombewa:
*Baba, jana nimeiona mia nne na kumi na mbili,
ile yenye kovu la nyundo yako.
Ilikuwa chini ya garimoshi la majeruhi. Nikaisalimu.*

Mwezi wa tatu mkaguzi alikuja, Bwana Whitcombe,
kwa mkokoteni wa ng'ombe, kwa kuwa hapakuwa na garimoshi,
mavumbi hadi kwenye nyusi.
Akajumlisha hati za meli na hati za mapokezi.
Akajumlisha tena.
"Zimepungua futi tatu."

Futi tatu zilikuwa zikining'inia kwenye boriti ya stesheni,
kipande tulichogonga garimoshi lilipokaribia.
Mwalimu alikuwa akikigonga wakati huohuo.
"Nini hicho?"
"Shule, bwana." Na kweli ilikuwa shule.

Nikachovya kalamu: *Futi tatu, zimeliwa na kutu.*
Miaka kumi na tisa ya vitabu safi,
na huo ndio uongo wangu pekee.
Riba yake nimeipiga usiku, kwa mshumaa wangu,
si wa ofisi: pai nane kwa mwaka, na kasoro.
Naziweka kwenye kikopo cha tumbaku.
Sijajua bado
ni nani nitakayemlipa.