Saa Tisa na Dakika Arobaini

Wa kwanza kumpokea mfungwa si mlinzi, ni mimi,
Genovaitė wa stoo, mwenye kalamu na gundi.
Kabla hajaonyeshwa kitanda namwambia: mkanda.
Kamba za viatu. Pete, kama inatoka.
Isipotoka, tunaleta sabuni.
Kila kitu nakitaja kwa sauti, naye anaitikia,
kama watu wawili wanaogawana urithi
na marehemu amesimama hapohapo, kwa soksi.

Kisha mfuko unapigwa lakiri.
Kanuni ni moja: haufunguliwi
ila mbele ya mwenyewe, siku anayotoka.

Mwaka juzi walibadilisha kibao cha getini.
Zamani kiliandikwa Gereza;
sasa ni Idara ya Urekebishaji, kwa herufi za buluu.
Kufuli hawakuligusa.
Mkuu alitukusanya uani, theluji ikituangukia mabegani,
akasema tangu leo tunarekebisha watu.
Nikamuuliza jirani yangu: kwa bisibisi gani?
Alichekea puani. Mkuu akatutazama.

Rimgaudas aliletwa Novemba, kutoka ng'ambo ya Nemunas,
mikono mikubwa, kucha safi kuliko zangu.
Mwokaji. Mifukoni: funguo mbili, leso,
senti thelathini, na saa ya plastiki
ya kununuliwa kituo cha mafuta.
Niliandika: saa, moja, nyeusi, inafanya kazi.
Hilo neno la mwisho ndilo lililoniponza.

Usiku wa kwanza wa zamu yangu, rafu ya nne ikalia.
Saa tisa na dakika arobaini.
Pii, pii, pii, kifaranga ndani ya gunia.
Nikapapasa mfuko hadi mfuko, sikio mbele,
nikaupata. Kanuni ni moja. Nikaurudisha.
Ililia dakika nzima, ikanyamaza,
na kesho yake, na kesho kutwa yake.
Ghorofa ya pili, mlinzi aliniambia baadaye,
wakati uleule, bila kuamshwa na kitu,
mtu yule huketi kitandani,
huvaa viatu visivyo na kamba, akangoja.

Nilisoma faili lake, jambo ambalo si kazi yangu.
Alikuwa akiwahi tanuri, barabara ina ukungu.
Aldutė, mpeleka barua, alikuwa juu ya baiskeli.
Hakusimama.
Mahakamani walipomuuliza kwa nini
akasema: unga ulikuwa umeshaumuka.
Siku ile mji ulikula mkate mweusi kama kawaida.
Vitu vya Aldutė alikabidhiwa mama yake
katika mfuko wa aina hiihii, nadhani;
serikali hununua kwa jumla.

Mwaka wa tano, Februari, rafu haikulia.
Nilikaa macho. Ikafika saa kumi. Kimya.
Sikutarajia kwamba ningeumia.
Nikanunua betri kwa pesa yangu, ndogo kama punje ya dengu,
nikajaza fomu: naomba kufungua mfuko namba 2217
ili saa iendelee.
Wiki kumi na moja. Jibu likarudi na mhuri:
Ombi halijaeleweka.

Alitoka Juni. Nilikata lakiri mbele ya macho yake.
Saa, moja, nyeusi, nikasoma, nikasita.
Inafanya kazi, ndivyo ilivyoandikwa.
Akaitazama. Akatia sahihi.
Kamba za viatu alizifunga vibaya, akafungua, akafunga tena,
nami nikainama nimsaidie, halafu nikajizuia
kwa kuwa nilimkumbuka mama yule na mfuko wake.
Hakuniuliza kitu. Akaondoka na funguo mbili
za nyumba ambayo, nijuavyo, ilishauzwa.

Betri ingali kwenye droo yangu, ndani ya karatasi yake.
Mkaguzi alipokuja aliuliza ni ya nani.
Nikaipa namba.