Machicha ya Jiwe

Wanasema jiwe halikamuliwi.
Njoo Miritini, nyuma ya gereji ya Mwinyikai,
nikuonyeshe chupa yenye giza, nusu kikombe,
inanuka lami na yai viza:
hilo ndilo jasho la jiwe.

Jiwe lenyewe tulilichimbua ukingoni mwa reli,
jeusi, tabaka juu ya tabaka;
ukilibambua kwa kisu linaachana kurasa kurasa.
Ni tope la bahari iliyokufa kabla ya bahari hii,
limefunga mafuta yake
kama bahili afungavyo shilingi kwenye pindo la msuli.

Mwaka mzima tulilipika kwa umeme.
Nyuzi mia tano, saa sita, mita ikilia kama kinda.
Nikanunua tokeni, nikapata matone.
Nikanunua tena.
Daftari halikunionea haya:
mnatia pishi, mnatoa kibaba.

Kisha Jumapili moja, nakuna nazi,
tui la kwanza, tui la pili, kifumbu kimekamuka,
nikayachukua machicha kuwapelekea kuku
nikasimama mlangoni na bakuli mkononi.
Kuku wakanisubiri.
Sisi machicha yetu tulikuwa tunayatupa
yangali moto, yangali meusi,
yangali na mwako ndani,
rundo zima nyuma ya choo!

Mwinyikai hakucheka. Alitafuta mtungi wa gesi uliotoboka,
akaukata, akauunga bomba lililopinda kama utumbo wa mbuzi:
machicha ya jana yaungue chini,
jiwe la leo lipate moto juu,
mvuke upite kwenye pipa la maji, upoe, uwe mafuta.
Mara tatu likavuja.
Mara ya nne likamla nyusi.
Mara ya tano mita ilinyamaza
na tone likaanguka, likafuatwa na jingine,
halafu uzi, uzi mwembamba usiokatika,
nasi tukaupigia magoti
kama watu wanaochungulia kisima.

Kilo kumi, chupa moja. Tokeni: sifuri, ila ya taa.
Niliandika kwa mkono unaotetemeka,
nikapiga mstari chini yake, nikapiga wa pili.

Asubuhi Bi Nyevu wa ng'ambo ya ukuta
akaja na leso zilizolala kambani,
weupe wake umeingia madoa meusi
mithili ya kanga, kanga yule ndege.
Hakugomba. Alizitandaza juu ya daftari,
juu ya ile mistari yangu miwili,
akauliza, "Na hizi umeziandika wapi?"

Nimepekua. Safu ya moto ipo, ya maji ipo,
ya saa, ya uzito, ya matone.
Nje, Mwinyikai anazima tanuri kwa mchanga,
kila koleo na kikohozi chake.
Nimechukua rula.
Kichwa cha safu hii sijui bado nikiiteje.
Nimeanza na: leso, mbili.